Mshona Kofia na Masikio ya Njule

Hakuwa mtu wa kushika kitu kwa nguvu. Kikombe cha kahawa alikiinua kwa ncha za vidole viwili, na ukimtazama ungehofu kwamba kitamponyoka. Hakikumponyoka hata siku moja. Mlango aliusukuma kwa kiganja kilicho wazi, kama anayemtuliza punda. Hata mkono wako, mkiamkiana, aliupokea na kukurudishia kabla hujajua kwamba ulikuwa umeshikwa. Mikono hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye daka la nyumba yake Lamu, alikoshona kofia tangu ndevu zake zilipokuwa nyeusi, ikampeleka bara, Mkokoni, kwenye vichaka vya miiba, kushika wanyama wa mwituni wasiozidi ukubwa wa paka mchanga na kuwatia alama masikioni.

Mikono hiyo hiyo ndiyo iliyonipotezea jina langu. Hilo nitalisema mahali pake. Kwanza nataka aonekane, maana kila nikimkumbuka kwa lile kosa peke yake nahisi nimemdhulumu.

Sote tulimwita Fundi. Mimi nilikuwa karani, na yule aliyetukutanisha alikuwa Mzungu aliyepiga hema nyuma ya Mkokoni miaka michache kabla ya vita vya Wazungu. Alitaka kujua habari za njule: mnyama mwenye pua ndefu inayochezacheza kama inayotafuta neno, miguu myembamba kama njiti, mgongo wa kahawia na kiuno cheusi, utadhani amekalia masizi. Wenzake waliomtangulia, alituambia, walimpiga njule risasi, wakamjaza pamba, wakampeleka kwao ndani ya sanduku. Yeye alimtaka aliye hai. Anaishi wapi? Anakwenda umbali gani? Anakaa na nani? Kwa hiyo njule alikamatwa, akapimwa, akatiwa alama, akaachiliwa pale pale alipokamatwa. Akinaswa tena mwezi ujao, alama itasema huyu ni yule.

Watu wa Mkokoni walicheka mpaka wakakaa chini. Palikuwa na bibi mmoja mchota maji ambaye hakuniacha nipite kisimani salama.

“Karani, yeo mumekamata wangapi?”

“Saba, Bi.”

“Mumewala?”

“Tumewaachilia.”

“Haya. Mume wangu akivua namna hiyo, mimi narudi kwa mamangu.”

Kazi yangu ilikuwa daftari. Fundi alimshika mnyama, akayasoma masikio yake kwa sauti, nami nikaandika: dume au jike, uzito, mahali, alama. Nilikuwa nimetoka Chundwa, kisiwani Pate, na kazi ya kalamu sikuianza kwa Mzungu. Babu yangu na baba yangu waliwaandikia watu hati za ndoa, wasia, na barua za kwenda kwa waume walio safarini. Hatukuwa na shamba kubwa wala chombo cha baharini. Tulichokuwa nacho ni imani ya watu kwamba kwetu lililosemwa ndilo lililoandikwa. Ikiondoka hiyo, kalamu ni mwanzi tu.

*

Alivyoingia Fundi katika kazi ile ni hadithi aliyopenda kusimuliwa na wengine, yeye akijifanya hasikii. Kabla yake njule walikuwa wanafia mikononi mwa watu. Vijana wa Mkokoni waliwabana kama samaki wanaoteleza, na mnyama yule, ambaye moyo wake hupiga haraka kuliko cherehani, alilegea mara moja akawa si wetu tena. Mzungu alikwenda Lamu kununua mchele akiwa na huzuni hiyo. Akapita kwenye daka la mtu aliyekuwa anashona kofia ya vitobo, ile ambayo kitambaa chake hutobolewa matundu madogo mamia kwa mamia, na kila tundu likazungushiwa uzi. Akasimama sana.

“Unaweza kushika kitu kilicho hai?” Mzungu aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limevaa viatu.

“Kofia haiumi, Bwana,” Fundi alijibu bila kuinua macho.

“Huyu naye haumi. Hufa tu.”

Wasimuliaji wote walikubaliana kwamba hapo ndipo Fundi alipoiweka sindano chini.

Alipofika Mkokoni hakugusa mnyama kwa siku nne. Alikaa akitazama. Kisha akaomba merikani, akashona vifuko virefu vyembamba kama mikono ya kanzu, kila kimoja na mpasuko mdogo ubavuni. Asubuhi tulitandaza jarife kuukuu la wavuvi kati ya vichaka. Watu wakatembea polepole upande wa pili wakipigapiga majani. Njule akakimbia, akaingia wavuni. Hapo Fundi alilala kifudifudi mchangani, mzee mzima na kofia yake kichwani, akaufungua mdomo wa kifuko mbele ya ile pua ndefu, akangoja. Mnyama aliyeogopa hutafuta giza. Aliingia mwenyewe. Kupitia ule mpasuko Fundi alilitoa sikio moja tu, jembamba, lenye mishipa kama jani, na mnyama mwingine wote akabaki gizani akidhani amefika nyumbani.

“Anayeogopa ni mmoja,” aliniambia siku ya kwanza alipoona mikono yangu inatetemeka. “Musiwe wawili.”

Tangu alipokuja, walikufa wawili tu. Wa kwanza alimzika. Wa pili alimzika pia, kisha akasema hatafanya kazi siku ile, na hakufanya.

*

Mara moja niliona amekasirika. Mzungu alikuwa amekuja na mkasi mdogo unaong'aa, na njia yake ya kutia alama ilikuwa kukata ncha za vidole vya miguu: kidole hiki ni moja, kile ni mbili. Fundi aliutazama mkasi, akakunja kikoi chake, akakaa.

“Njule anakula kwa kufukua,” alisema. “Hufukua majani akatafuta wadudu. Ukimkata chanda umemkata riziki. Kisha utamfuata uandike kwamba amekonda?”

“Basi wapi?” Mzungu aliuliza.

“Usoni ni haramu. Sikioni pana ruhusa.”

Akachomoa sindano yake nyembamba kuliko zote, akaipitisha motoni, akaichovya mafuta ya karafuu, akatoboa tundu moja katika sikio la jike lililokuwa kifukoni. Jike halikustuka. Fundi aliliinua sikio lile kuelekea jua, na chembe ya nuru ikapita, ikaangukia ukucha wake. Mzungu aliinama akaitazama chembe ile muda mrefu. Mkasi sikuuona tena.

Ndivyo ulivyoanza mpango wetu. Tundu moja kulia, ni mnyama fulani. Moja kulia na moja kushoto, ni mwingine. Mawili kulia, mwingine tena. Fundi hakuyapenda mahesabu hayo. Yeye, alidai, aliwajua kwa sura, na aliwapa lakabu. Palikuwa na dume lililokaa likakutazama kwa makini kabla ya kukimbia, alimwita Kadhi. Palikuwa na jike lililopiga majani kwa mkia kila likituona, alimwita Mkwe.

“Mkwe yeo ana shughuli,” angesema, na kweli lilikuwa na mimba.

Yeye ndiye aliyegundua kwanza kwamba wanakaa wawiliwawili, dume na jike wao kwa wao, kila jozi na kipande chake cha msitu, na kwamba hawavuki kwenda kwa jirani ila kwa ugomvi. Mzungu alihitaji miezi ya daftari ili aamini. Fundi alisema tu, “Wana mtaa.”

*

Usidhani alikuwa walii. Alikuwa na majivuno ya ajabu katika jambo moja, nalo ni kofia. Alipita mazikoni siku moja, hapo Mkokoni, jeneza limo mabegani mwa watu, akamwona mtu mbele yake amevaa kofia iliyoshonwa ovyo. Alivumilia hatua chache. Kisha akanyoosha mkono, akaigeuza ile kofia kichwani mwa mwenyewe ili upande mbaya uwe nyuma, akaendelea na dua. Mwenye kofia alikuwa mfiwa.

“Kofia ina mashavu mawili kama mtu,” alinieleza baadaye, bila haya. “Ulichotia kulia, tia kushoto. Ikizidi tundu moja upande mmoja, hiyo si kofia, ni chongo.”

Nimemwona akiifumua kazi ya wiki tatu kwa sababu ya tundu moja. Hakukasirika wala hakuguna. Alifumua kama mtu anayenawa mikono.

Na alikuwa mwoga wa panya! Hili alilitoboa shemeji yake, ndugu wa mkewe, mtu mnene mwenye kelele aliyekuwa akituletea mchele na kahawa kutoka Lamu.

“Mumemfanya shujaa huku,” alisema, akicheka mpaka kanzu ikatikisika. “Nyumbani akipita panya, dada yangu ndiye anayeshika ufagio. Huyu hupanda kitandani!”

“Panya ni mwizi,” Fundi alijibu kwa utulivu. “Njule ni mgeni. Humjui mgeni na mwizi?”

“Nakujua wewe, yuu ya kitanda.”

Fundi alicheka pia, kwa pua, na sindano haikusimama.

*

Sasa lile.

Upande wa kisima palikuwa na dume lenye tundu moja tu, kulia. Ng'ambo ya mkondo mkavu, mbali, palikuwa na dume jingine lenye tundu moja kulia na moja kushoto. Asubuhi moja tukalinasa karibu na kisima dume lenye tundu kulia na kushoto. Mzungu alifurahi mno. Mnyama wa ng'ambo amevuka! Ameacha mtaa wake! Alimpima mara mbili, akaniamuru niandike kwa wino mwekundu. Siku ya pili tulivuka mkondo, na huko wavu ukamnasa dume mwenye tundu kulia na kushoto, mzito zaidi, na kovu puani ambalo yule wa jana hakuwa nalo.

Wanyama wawili, alama moja. Daftari langu lilisema yupo mmoja tu duniani. Na yule wa kisimani mwenye tundu moja alikuwa hajaonekana tangu mwezi uliopita.

Mzungu alipekua kurasa mbele yetu sote, akapata mahali pengine pa namna hiyo, na pengine tena. Matundu mawili ambapo mimi nimeandika moja. Manne ambapo nimeandika matatu.

“Wewe umelala,” aliniambia. Hakupaza sauti. “Umelala, kisha umeandika unachotaka.”

“Bwana, niliandika nilichosomewa.”

“Fundi alikusomea uongo?”

Hakuna aliyeweza kulifikiria hilo, hata mimi. Nikageuka kumtazama Fundi ili anishuhudie. Alikuwa ameketi na kifuko pajani, sikio la yule dume wa ng'ambo liko kati ya vidole vyake. Alikuwa haangalii sikio. Aliangalia mkono wake mwenyewe, ule wa kulia wenye sindano, kama mtu anayeangalia mkono uliookotwa njiani.

Nikaelewa. Naye akaona kwamba nimeelewa. Kila aliponasa mnyama aliyekwisha kutobolewa, na matundu yake yamezidi upande mmoja, miaka thelathini ya kofia ilikuwa imenyanyuka ndani ya vidole vyake na kumsawazisha. Tundu moja dogo, kushoto, ili mnyama asiwe chongo. Moyo haukuwa na habari. Mkono ulitangulia, ukarudi, na ulimi ukanisomea alama kama alivyoyakumbuka masikio yale kabla ya kuyagusa.

Nilingoja aseme. Watu wa wavu walikuwa wamesimama. Dume lile lilitulia gizani mwake. Fundi alifanya alichokuwa akifanya sikuzote: akalala kifudifudi, akaufungua mdomo wa kifuko, akamwachilia mnyama aende zake.

Nami nikaachiliwa kazini siku ile ile. Ningeweza kumtaja. Sijui kwa nini sikumtaja. Labda kwa sababu nilitaka asiwe mtu wa kutajwa. Nilikunja jamvi langu polepole kabisa, nikampa nafasi ya kusema kwa kila kunjo, na alibaki amenipa mgongo, akikiosha kifuko ambacho hakikuwa na uchafu.

*

Habari hutangulia chombo. Nilipofika Chundwa hakuna aliyeniambia neno baya; tuna adabu. Ila yule jirani aliyekuwa anamwoza bintiye alisema ameamua kwenda kuandikiwa hati Siyu, kwa sababu ana safari huko hata hivyo. Mama mmoja aliyezoea kuniandikisha barua alisema mwanawe siku hizi hapendi barua. Baba yangu aliacha kuniuliza. Nilichukua jembe nikalima mtama, na mwaka ukapita, na mwingine ukaingia, na vita vikaanza huko kwao, Mzungu akafunga masanduku yake akaenda. Daftari, nilisikia, alilitupa.

Ijumaa moja, katika safu ya mbele yangu msikitini, niliiona kofia. Huwezi kukosea kofia ya mkono ule. Chini yake shingo ilikuwa imekonda.

Baada ya sala alisimama akaomba ruhusa ya imamu. Shemeji yake mnene alikuwa kando yake, amenyamaza, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

“Waislamu,” Fundi alisema, “mimi ni mshona kofia wa Lamu. Mumesikia kwamba kijana wenu huyu aliandika uongo kule Mkokoni. Hakuandika. Mimi niliyatoboa masikio nisivyoagizwa, nikamsomea sivyo, naye akaandika nilivyosoma. Siku ile nilijua. Nikanyamaa, kwa sababu nimeshona miaka mingi bila mtu kuniambia umekosa, nikashindwa kulianza neno hilo uzeeni. Nisameheni. Yeye namwomba peke yake.”

Kisha mzee mmoja, mwenye mzaha hata msikitini, akauliza, “Umekuja kutoka Lamu kwa ajili ya masikio ya panya?”

“Njule,” Fundi alisema.

Watu walicheka, si kwa ubaya, lakini niliona kwamba kicheko kile kilikuwa kinaibeba habari kuipeleka mahali pa habari za kuchekesha, na kwamba Ijumaa ijayo nitakuwa shambani vile vile. Fundi naye aliona, nadhani. Alinijia. Hatukuamkiana. Nilikuwa bado na hasira, na hasira yangu ilikuwa imetunzwa vizuri.

“Kalete kalamu,” alisema. “Nataka kuandika wasia.”

“Hapa?”

“Mashahidi wako hapa.”

Nilikwenda nyumbani. Wino ulikuwa umekauka chupani. Nikautia maji, nikautikisa nikirudi njiani. Kwenye ukumbi wa msikiti wazee walikuwa wamekaa duara, na mimi nikakaa katikati. Fundi akasema jina lake, la baba yake na la babu yake, nami niliyemwita Fundi siku zote nikaliandika kwa mara ya kwanza. Akasema nani amwoshe. Akasema sindano na mikasi apewe nani. Kisha akamweka shemeji yake kuwa msimamizi wa binti zake wawili mpaka waolewe. Alisema polepole, akiniacha nimalize kila mstari.

“Soma wasikie,” alisema.

Nikasoma. Nilipofika kwa binti wawili, shemeji aliruka.

“Wawili? Ana watatu! Karani, umekosa!”

Nilihisi duara lote limeninyookea. Nilitazama karatasi, wawili. Nilijua nilichosikia, lakini nilikuwa nimekwisha kujua mara moja kabla, na haikunifaa kitu. Kalamu ilikuwa nzito. Nikainua macho.

Fundi alikuwa ananitazama, si karatasi. Hakuutazama mkono wake.

“Hakukosa,” alisema, na sauti yake ilifika mpaka kwenye ngazi. “Nimenena wawili, ameandika wawili. Kosa ni la ulimi wangu. Nyote mumesikia?”

Mzee wa mzaha alikuwa wa kwanza. “Nimesikia,” alisema, bila mzaha. “Alinena wawili.”

“Wawili,” imamu alisema.

“Basi karani, ongeza wa tatu.”

Sijui kama alisahau kwa uzee au alisahau kwa makusudi. Sikumuuliza siku ile, na hapakuwa na siku nyingine. Niliongeza jina la binti wa tatu. Wino ulikuwa bado mbichi wakati yule jirani aliyekwenda Siyu aliposogea kwenye duara, akakohoa, akauliza kama imebaki karatasi: mwanawe yuko Mombasa, na hajaandikiwa tangu Ramadhani.